Kilomita 13 za kwenye simu: kisa cha matembezi ya kutoka milimani hadi ziwani, Kigoma

Watu kumi na wanne wa kikundi cha mazoezi cha Kigoma mjini walipanga kushuka kwa miguu kutoka vijiji vya juu, upande wa barabara ya Manyovu, hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Huko wangekula samaki, wangepanda boti ya kukodi na kuwa Kibirizi, kituo cha boti karibu na Kigoma mjini, saa 10:30 jioni. Walifika Kibirizi kesho yake asubuhi. Hakuna aliyevunjika mfupa. Hesabu ya hasara ni goti moja lililovimba, kucha nne zilizogeuka nyeusi, kijana mmoja aliyetapika, na usiku mmoja kwenye mikeka ya watu. Ilikuwa Agosti, kiangazi kikavu, kwa hiyo mvua haiwezi kusingiziwa.

Kisa cha namna hii kwa kawaida hufungwa kwa maneno mawili: "tulichelewa kuanza." Walichelewa kweli. Mpango ulisema saa 2:30 asubuhi, wakaanza saa 3:50, maana gari lilisubiri wawili waliokuwa bado wanapiga pasi fulana. Lakini hizo ni dakika 80. Mpango ulisema watafika ufukweni saa 6 mchana, na wao walifika saa 1:50 usiku. Ukitoa dakika 80 za kuchelewa, bado kuna saa sita na nusu ambazo hazina mwenyewe. Hizo ndizo za kutafutwa zilikokwenda.

Hesabu iliyofanywa, na ile iliyopaswa kufanywa

Mpangaji alifungua ramani ya simu, akagusa sehemu saba kutoka barabarani hadi ziwani, simu ikaunganisha kwa mistari iliyonyooka na kuandika kilomita 13. Akagawa kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, akapata saa 3 na robo, akaongeza robo ya kupumzika. Kikundi hukimbia kilomita 10 kila Jumamosi kwenye lami, kwa hiyo 13 za kutembea zilionekana kama zawadi.

Njia ya mlimani hainyooki. Inakata kona kuzunguka shamba la mtu, inapinda kutafuta kivuko cha kijito, inazunguka kichwa cha korongo. Iliyotembewa ilikuwa kilomita 16. Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa kwenye vilima, na ndiyo maana mstari wa simu unastahili kuongezewa robo nzima kabla ya kufanyiwa hesabu yoyote.

Kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyehesabu mwinuko. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mahali waliposhukia garini ni kama mita 1,400. Mtu husema basi ni kushuka mita 630, rahisi. Kumbe mgongo wa mlima hupanda na kushuka kabla haujafika ukingoni. Kwa njia hii kulikuwa na jumla ya mita 370 za kupanda, na kila mita uliyopanda utaishuka. Jumla ya kushuka ikawa mita 1,000, na kati ya hizo 600 zilikuwa za mfululizo ndani ya kilomita 2 na nusu. Maana yake kila hatua nne mbele, moja chini.

Kipimo cha zamani cha wapanda milima ni cha Naismith, Mskoti aliyekiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Waliokuja baadaye waliongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka pale mteremko unapokuwa mkali. Kilomita 16 zinatoa saa 3 na dakika 12. Kupanda mita 370 ni dakika 37. Mita 600 za mteremko mkali ni dakika 20. Jumla ni saa 4 na dakika 9.

Hiyo ni ya mtu mzoefu, mwenye miguu mizima, asiyesimama. Kwa kikundi cha watu kumi na wanne wa umri wa miaka 19 hadi 56 unaongeza nusu yake: saa 6 na robo. Weka dakika 10 za kupumzika kila saa, na dakika 45 za chakula. Inafika saa 8 kamili. Kwa kuanza saa 3:50, wangefika saa 11:50 jioni hata kama kila kitu kingekwenda sawa. Boti ilikuwa imekodiwa ya saa 9.

Kwa hiyo saa nne na nusu kati ya zile sita na nusu zilipotea mezani, siku mbili kabla ya safari. Zilizobaki zilipotea njiani, na zina mahali pake.

Jua la Kigoma

Kigoma iko magharibi kabisa lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Agosti jua huchomoza hapa kama saa 1:08 asubuhi na kuzama kama saa 1:03 usiku. Utosini hufika baada ya saa 7 mchana, siyo saa 6. Anayetoka pwani na mazoea yake ya kwamba "saa 8 jua linaanza kupoa" atajuta: saa 8 ya Kigoma ni sawa na saa 7 na kitu ya kwao.

Mteremko wa kwenda ziwani nao unatazama magharibi. Asubuhi una kivuli cha mlima wenyewe, ila kuanzia mchana hadi machweo jua linaupiga usoni. Agosti miti ya miombo inapukutisha majani na nyasi nyingi zimeshachomwa, kwa hiyo kivuli kinachoonekana kwenye picha za Machi hakipo. Anayeshuka hapo saa 10 jioni anashuka huku amekunja uso, haoni vizuri anapokanyaga. Dakika 80 za asubuhi hazikuhamisha safari nzima mbele tu. Ziliuhamisha mteremko kutoka kwenye jua la utosini hadi kwenye jua la machoni.

Kuna mtego mwingine wa saa, ambao haukuwakuta hawa lakini huwakuta wanaotembea kaskazini zaidi, milima ya Manyovu karibu na mpaka. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijipange saa yenyewe, ikinasa mtandao wa upande wa pili, inarudi nyuma saa nzima bila kukuuliza. Vaeni walau saa moja ya mkononi.

Chini ya mwembe

Kilomita 7 za kwanza, za juu ya mgongo, zilikwenda vizuri: mashamba ya muhogo na maharage, njia pana ya baiskeli, upepo. Usumbufu pekee ulikuwa upupu. Kiangazi maganda yake yamekauka na vinyweleo vinaruka kwa upepo, na wawili walikuwa wamevaa vikaptula. Dawa ya upupu siyo kukuna. Bandika plasta ya kunata juu ya ngozi, ivute, rudia mpaka vinyweleo vitoke, ndipo uoshe.

Saa 7:15 walifika kwenye mji wa mwisho kabla ya ukingo, wakakaa chini ya mwembe, wakala muhogo wa kuchemsha, karanga na maandazi. Mzee mwenye mji alisalimiwa, akaulizwa umbali.

"Shikamoo mzee. Ziwani bado mbali?"

"Marahaba. Wala! Hapo chini tu."

Hakudanganya. Kwa mtu anayeshuka njia hiyo tangu utotoni, kavaa yeboyebo, ni hapo chini tu. Swali ndilo lilikuwa bovu. Mwenyeji haulizwi umbali, anaulizwa: "Mama mwenye mzigo kichwani akitoka hapa sasa hivi, anafika saa ngapi?" Hapo jibu huwa la kweli, likikosea ni kwa nusu saa tu, maana kila mtu anajua mama aliyeondoka saa fulani na kurudi saa fulani.

Kwa sababu ya hilo "hapo tu", hakuna aliyejaza maji. Hatua kumi kutoka kwenye mwembe palikuwa na bomba la kijiji. Asubuhi walitoka Kigoma mjini na lita 21, yaani lita moja na nusu kila mmoja, na saa 8 mchana waliponyanyuka chupa nyingi zilikuwa na kidole kimoja cha maji. Mahitaji ya kutembea kwenye joto ni kama nusu lita kwa saa, zaidi kidogo kwenye kupanda. Kwa saa 8 ni lita 4 kwa mtu, lita 56 kwa kundi. Si lazima zibebwe zote tangu asubuhi, kwa kuwa lita 4 ni kilo 4 mgongoni. Lita 2 za kuanzia na kujaza tena hapo bombani zingetosha.

Mbele ya hapo kuna vijito, lakini Agosti vingine ni madimbwi tu, na maji yake ni ya kuchemsha au kutia dawa ya klorini na kusubiri dakika 30. Ziwa lenyewe, pamoja na uzuri wake wote, kwenye fukwe za vijijini lina kichocho, na si la kunywa bila kuchemsha.

Njia panda

Saa 8:40, kilomita 2 baada ya mwembe, njia inagawanyika kwenye kichuguu kikubwa. Ya kushoto ni nyembamba na inaonekana kama inarudi juu. Ya kulia ni pana, imekanyagika, inashuka. Sita waliokuwa mbele wakafuata ya kulia. Nane wa nyuma walifika dakika kumi baadaye, wakamkuta mtoto anachunga mbuzi, wakamuuliza, akaonyesha kushoto.

Njia pana ya mlimani haimaanishi inakwenda mbali. Inamaanisha inapitwa mara nyingi. Hii ilikuwa ya wakata kuni na mbuzi. Ilishuka mita mia tatu hivi, ikatawanyika kuwa vinjia sita, ikaishia juu ya genge la korongo kavu ambalo kiangazi halina hata tone. Tena ilikuwa inaelekea kaskazini, upande wa Hifadhi ya Gombe, ambako huingii bila kibali na mwongozaji, hata kama umepotea kwa nia njema.

Waligundua saa 9:10. Kundi lilikamilika tena saa 9:55. Saa moja na robo imekwenda, na hao sita walikuwa wamepanda tena mteremko walioushuka, kwenye joto kali la siku, bila maji. Kijana aliyetapika baadaye alikuwa mmoja wao.

Kosa hapa halikuwa kuchagua njia mbaya, maana hata mwenyeji hukosea. Kosa ni kwamba kundi liliruhusiwa kukatika. Katika kundi la watu zaidi ya sita kuna watu wawili wenye kazi maalumu: wa mbele, ambaye hapitwi, na mfunga safu, ambaye haachi mtu nyuma yake. Kwenye kila njia panda wa mbele anasimama mpaka amwone mfunga safu kwa macho. Kusikia sauti yake hakutoshi, wala meseji, kwani kwenye mabonde haya mtandao unakatika. Hawa walikuwa na kiongozi mmoja, naye alikuwa katikati akipiga picha. Nasema bila kumwonea: mtu anayejua njia kuliko wote ndiye hufaa kufunga safu, na wa mbele awe mwenye mwendo wa wastani. Wengi hufanya kinyume, wakamweka mbele yule hodari zaidi, naye anakwenda na mwendo wake.

Filimbi ya bei ndogo ingeokoa nusu ya muda huo. Mipigo mitatu, subiri dakika moja, mitatu tena.

Mteremko

Saa 10:15 walifika ukingoni. Ziwa lote liko chini, na ng'ambo milima ya Kongo kama moshi. Ni mahali ambapo kila kundi hupiga picha na kusema kazi imekwisha.

Kupanda kunachosha mapafu, kushuka kunachosha paja. Kila hatua ya kushuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inarefuka huku inavuta, na kazi hiyo huichana zaidi kuliko kupanda. Mkimbiaji wa lami hana mazoezi hayo, hata awe na pumzi ya farasi. Baada ya dakika 30 hadi 40 miguu inaanza kutetemeka mtu akisimama. Paja likishachoka halishiki tena uzito, na uzito unaangukia gotini. Mama wa miaka 56, ambaye hadi hapo alikuwa miongoni mwa waliotembea vizuri kuliko wote, goti lake lilianza kuuma theluthi moja ya mteremko, na kufika chini lilikuwa limejaa.

Ardhi nayo ilikuwa na yake. Udongo wa Agosti ni mgumu kama sakafu, na juu yake kuna kokoto ndogondogo zinazoviringika chini ya kiatu kama golori. Palipoungua kuna majivu juu ya kokoto. Watu watano walianguka kwa makalio, wote kwa namna ile ile: wameegemea nyuma, mguu umenyooka, wametua na kisigino. Woga humfanya mtu aegemee nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakoondoa uzito juu ya soli.

Inavyotakiwa ni hivi. Goti halinyooki kamwe, linabaki limekunjwa kidogo. Hatua ni fupi, nusu ya ile ya kawaida. Unatua kwa wayo mzima, kifua kimeinama mbele kidogo, pua iko juu ya vidole vya mguu. Pakali, hushuki moja kwa moja. Unakwenda kwa kukata kona, kushoto kisha kulia, kama njia ya baiskeli. Kila mtu anaacha hatua tatu au nne nyuma ya mwenzake, na jiwe likitoka unapaza sauti: "Jiwe!" Usinyamaze kwa aibu.

Fimbo husaidia kuliko kiatu cha bei. Ukiwa tambarare, fimbo ikiwa wima, kiwiko kikunjwe pembe mraba. Ya kushukia iongezwe upana wa kiganja, kwa sababu inatua chini ya pale uliposimama. Inatangulia fimbo, ndipo mguu. Mwenye goti bovu apewe mbili. Kundi zima lilikuwa na fimbo moja, na aliyekuwa nayo ni wa miaka 23.

Kucha nyeusi zina sababu ndogo ya kukera. Kamba za raba zikilegea, mguu unateleza ndani ya kiatu na kidole gumba kinagonga mbele kila hatua. Kwa kilomita 2 na nusu ni maelfu ya mapigo. Ukingoni, kabla ya hatua ya kwanza, kila mtu anakaa chini, anagonga kisigino ardhini mpaka mguu urudi nyuma kabisa, kisha anakaza kamba za juu, za kwenye kifundo, na kuacha za vidoleni zilegee. Dakika tatu. Kucha zikatwe usiku wa kabla.

Kijana aliyetapika alianza na kichwa kuuma, kisha misuli ya nyuma ya miguu, chini ya goti, kukakamaa. Walimweka kwenye kivuli cha mwamba, wakamfungua shati, wakamwekea kitambaa kibichi shingoni. Hapo walifanya vizuri. Kilichokosekana ni maji ya chumvi na sukari: lita moja safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, anywe kidogokidogo. Walikusanya matone ya chupa tatu. Kama angeanza kuongea ovyo au kuyumba kama mlevi, hiyo ingekuwa hali nyingine kabisa: mwili wote unamwagiwa maji na kupepewa mara moja, na safari inageuka kuwa ya kumpeleka hospitali.

Mita 600 hizo zilichukua saa 2 na dakika 5. Kilomita 3.8 za mwisho, bondeni kati ya michikichi kisha ufukweni, zilichukua saa moja na nusu. Jua lilizama wakiwa njiani, na hapa giza haliagi: dakika ishirini na tano na huoni miguu yako. Tochi zilikuwa mbili, zilizobaki ni simu zenye chaji ya asilimia kumi.

Ufukweni

Nahodha alikuwa amesubiri hadi saa 11:30, akaondoka kwa sababu boti yake haikuwa na taa. Alipopigiwa alikubali kurudi. Majaketi okozi aliyokuwa nayo ni manane. Kundi lilijadiliana, wengine wakitaja kazi za kesho, na mwishowe wakakataa. Ndio uamuzi bora wa siku nzima. Boti ya mbao, usiku, abiria kumi na wanne wenye miguu isiyoshika, majaketi manane: hapo ndipo safari ya kuchelewa hugeuka safari ya kuomboleza.

Mwenyekiti wa kitongoji alitafutwa, wanawake wakagawanywa kwenye nyumba mbili, wanaume wakalala barazani. Mwambao huu boti za abiria hutoka Kibirizi mchana kwenda vijiji vya kaskazini na hurudi asubuhi, kwa hiyo anayefika ufukweni jioni hana usafiri wa umma wa kurudi mjini siku hiyo. Hilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa mpango.

Njia ileile, ikipangwa tena

Gari linaondoka mjini saa 12 asubuhi, bado giza, na halisubiri mtu. Miguu inaanza saa 1:30. Kwa mwendo uleule wa kawaida, mwembe ni kabla ya saa 5, na ufukwe ni saa 9:30 alasiri. Boti ni ya saa 11, siyo ya saa 9.

Saa ya kukata shauri ni mwembe. Kundi lililofika hapo baada ya saa 6:30 linageuza kurudi barabarani, ambako litafika kama saa 10 na kupata gari bila shida. Likiendelea kwa wakati huo linaanza kula akiba ya mwanga, na bado njia panda haijafika. Uamuzi huu unatangazwa asubuhi garini, mbele ya wote. Ukingojea mwembeni, walioshiba na kupumzika watakushinda kwa kura.

Kila begi: lita 2, tochi ya kichwani, shati la mikono mirefu, fimbo. Kwa kundi: filimbi mbili, bandeji mbili za kukaza goti, chumvi na sukari zikiwa zimepimwa tayari kwenye karatasi za nailoni, dawa ya klorini. Simu moja imezimwa tangu asubuhi.

Na nahodha, kabla hajatajiwa bei, anaulizwa ana majaketi mangapi na kama taa inawaka.